Ukuzaji wa Tishu za Mimea: Neno Moja, Kazi Mbili

Hivi karibuni tuliletewa tafsiri ya waraka mmoja tuipitie kabla haijapigwa chapa. Waraka wenyewe ulihusu zao la pareto, nao ulikusudiwa kusomwa mbele ya wakulima katika mkutano wa kijiji. Matini ya asili ilieleza mambo mawili mbalimbali. La kwanza ni kwamba miche ya pareto isiyo na magonjwa ingekuzwa maabarani, kisha igawiwe wakulima waipande mashambani mwao. La pili ni kwamba wataalamu wa nchi kadha wamekuwa wakichunguza kama ile sumu ya kuulia wadudu ipatikanayo katika ua la pareto yaweza kupatikana kutoka katika seli zinazokuzwa chupani, pasipo shamba wala ua. Kwa kuwa matini ya asili ilitumia istilahi moja kwa mambo yote mawili, mfasiri aliyaunganisha katika sentensi moja: "Pareto sasa itazalishwa kwa njia ya utamaduni wa tishu."

Mkulima atakayesomewa sentensi hiyo atakuwa na haki ya kuuliza kama shamba lake lingali na kazi. Huenda akang'oa mashina yake na kupanda viazi kabla msimu haujaisha, wala hatakuwa mjinga. Atakuwa amefuata alichosomewa. Kwa hiyo tumeona yafaa kuieleza kazi hii kwa kirefu kidogo, kwani mfasiri hawezi kuchagua neno la kufaa kwa jambo asiloliona akilini mwake.

Tuanze na neno "utamaduni", maana kosa hili si la mfasiri huyu peke yake. Neno la Kiingereza lililofasiriwa hivyo lina asili ya Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kulima na kutunza mimea. Baadaye maana hiyo ilipanuliwa, ikawa kutunza akili na mwenendo wa watu, na hapo ndipo unapoingia utamaduni wa ngoma, mila na fasihi. Wanasayansi hawakuifuata safari hiyo. Wao wanapolitumia neno hilo huwa karibu sana na maana ile ya kwanza, yaani kukuza kitu chenye uhai mahali palipoandaliwa. "Ukuzaji wa tishu" basi latosha. Neno "tishu" limetoholewa, nalo limekwisha kukaa katika vitabu vya shule. Ni kundi la seli za namna moja zifanyazo kazi moja. Wako wanaopendelea "chembe hai" badala ya "seli". Hatugombani nao, ila twaomba mwandishi akichagua moja asiibadilishe katikati ya ukurasa.

Kazi yenyewe huanza hivi. Hukatwa kipande kidogo cha jani, shina au mzizi, kikaoshwa kwa dawa ya kuua vijidudu, kikawekwa katika chupa yenye lishe iliyotayarishwa kwa maji, sukari, chumvi za madini, vitamini na homoni za mimea. Mara nyingi lishe hiyo hugandishwa kwa agari, ambayo hutokana na mwani, ingawa si mwani ule ulimwao Unguja na Pemba, ambao hutoa kigandishi cha namna nyingine. Lazima chupa, lishe na visu viwe havina kijidudu hata kimoja, kwa sababu kuvu au bakteria akipata nafasi ataila sukari ile na kuijaza chupa kabla tishu haijaanza kukua. Hapa pana mtego. Kamusi humpa mfasiri neno "tasa", naye hulichukua bila kusita; tumekwisha kusoma habari za "maji tasa" na hata "mikono tasa". Tasa ni asiyezaa, na chupa haizai hata ikiwa chafu. Twapendekeza kitenzi "kutakasa": chupa iliyotakaswa, maji yaliyotakaswa. Wako watakaosema kwamba kutakasa ni neno la ibada. Sisi twaona lilikuwa la maji na nguo kabla ya hapo.

Aliyelifikiria jambo hili kwanza ni Gottlieb Haberlandt, mtaalamu wa mimea wa Austria. Mwaka 1902 aliandika juu ya majaribio yake ya kukuza seli mojamoja zilizotengwa na jani. Seli zake ziliishi kwa muda, nyingine zikanenepa, lakini hakuna hata moja iliyogawanyika. Hata hivyo wazo lililomwongoza ndilo msingi wa yote yaliyofuata, nalo ni kwamba kila seli hai ya mmea ina ndani yake uwezo wa kuwa mmea mzima. Ilipita miaka mingi. Mwaka 1939 Gautheret na Nobécourt katika Ufaransa, na White katika Marekani, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha kwamba tishu ya mmea yaweza kukuzwa pasipo kikomo, mradi ihamishwe kila mara katika lishe mpya. Kisha mwaka 1958 Steward na wenzake katika Chuo Kikuu cha Cornell, na Reinert katika Ujerumani, walifaulu kupata vimea vya karoti kutokana na seli za mzizi wa karoti.

Lishe aliyotumia Steward ilitiwa kitu ambacho msomaji wa pwani anakijua vizuri sana, yaani maji ya nazi, ambayo yana homoni za kuzihimiza seli zigawanyike. Makala za Kiingereza za wakati ule ziliyaita kwa jina ambalo mfasiri wa haraka atalifanya "tui la nazi". Tui hupatikana kwa kukuna na kukamua. Maji hupatikana kwa kupasua dafu. Anayetia tui katika chupa ya karoti hatapata mmea, atapata mchuzi.

Kipande kile kikikaa katika lishe yenye homoni zilizopimwa vyema, hakitoi jani wala mzizi. Hutoa uvimbe mweupe au wa manjano, laini, usio na umbo. Wataalamu huuita uvimbe huo kwa neno la Kilatini ambalo maana yake halisi ni sugu, ile ngozi ngumu ya kiganja cha mwenye kushika jembe. Twakiri kwamba tulivutiwa na neno hilo, maana ni letu na linafanana na lao. Lakini "sugu" siku hizi limechukua mzigo mwingine: kuna ugonjwa sugu, kuna wadudu sugu wasiouawa na dawa. Tukiandika "pareto sugu", msomaji ataelewa kinyume kabisa cha tulichokusudia. Kwa hiyo twapendekeza "donge", wingi wake "madonge", na pale panapohitajika kueleweka zaidi, "donge la tishu".

Donge hilo ndilo njia panda, na sentensi ya waraka wetu ilipotelea hapo. Mwaka 1957 Skoog na Miller, wakichunguza tumbaku katika Chuo Kikuu cha Wisconsin, walionyesha kwamba uwiano wa homoni mbili ndio unaoamua donge lielekee wapi. Ikizidi oksini, donge hutoa mizizi. Ikizidi sitokinini, hutoa machipukizi. Zikilingana kwa kadiri fulani, donge huendelea kuwa donge.

Anayeifuata njia ya kwanza huliongoza donge, au mara nyingi zaidi hukiongoza kichipukizi chenyewe bila kupitia donge, mpaka miche midogo mingi ipatikane, yote ikiwa na sifa za mmea mama. Miche hiyo huzoezwa kivulini, kisha hupelekwa shambani. Migomba iliyopatikana hivyo imepandwa katika Kenya, Uganda na Tanzania, na wakulima wengi wanaijua. Kazi hii twapendekeza iitwe "uzalishaji wa miche kwa tishu". Mwisho wake ni shamba.

Anayeifuata njia ya pili hataki mche. Hulichukua donge akalivunjavunja katika lishe ya majimaji, akaitikisa chupa usiku na mchana ili seli zisizame na hewa izifikie. Seli zikiongezeka huhamishiwa katika chombo kikubwa zaidi, na kikubwa zaidi tena, hata mwisho zikafika katika tangi la chuma. Huko hukuzwa kwa siku au majuma kadha, kisha huchujwa, na dawa, rangi au manukato yaliyomo hutolewa. Hii twapendekeza iitwe "uzalishaji wa dutu kwa seli". Mwisho wake ni kiwanda.

Istilahi za njia hii ya pili zina mitego yake. Seli zinazotikiswa majini huitwa kwa neno ambalo maofisa wa utumishi wamelizoea kwa maana ya mtu kusimamishwa kazi, na tumeona seli zikisimamishwa kana kwamba zimeiba fedha za ofisi. Ziitwe "seli za kuelea". Nalo tangi, kwa kuwa viwanda viliazima vyombo vya wapika pombe na watengenezaji wa dawa za kuua bakteria, huitwa kwa jina litokanalo na kuchachuka, ingawa seli za mmea hazichachui kitu. "Tangi la kukuzia" ni jina pana na halidanganyi.

Mfano unaosifiwa zaidi wa uzalishaji wa dutu kwa seli watoka Japani. Huko kuna mmea uitwao kwa jina la kitaalamu Lithospermum erythrorhizon, ambao mzizi wake una rangi nyekundu ya zambarau iitwayo shikonini. Tangu kale rangi hiyo ilitumika kutia nguo rangi na kutibu vidonda na majeraha ya moto. Mmea huo huchukua miaka kadha kabla mzizi wake haujafaa kuchimbwa, na hata hapo shikonini huwa ni asilimia 1 au 2 tu ya mzizi mkavu. Mamoru Tabata na wenzake katika Chuo Kikuu cha Kyoto walichunguza madonge ya mmea huo wakagundua jambo ambalo mfasiri yafaa alikumbuke: lishe inayozikuza seli upesi siyo inayozifanya zitoe rangi. Seli zinazostawi kwa raha hazina haja ya kutengeneza shikonini. Hivyo kampuni ya Mitsui Petrochemical ilipoanza kuizalisha kwa biashara, mwaka 1983, ilitumia matangi ya hatua mbili. Katika hatua ya kwanza seli zilishibishwa ili ziongezeke. Katika ya pili zilihamishiwa katika lishe nyingine, isiyo na chumvi za amonia, na hapo zikageuka nyekundu. Kazi yote ilichukua kama majuma matatu, na shikonini ilizidi asilimia 10 ya uzito mkavu wa seli. Sehemu ya rangi hiyo iliishia katika rangi ya midomo ya wanawake, na tangazo la rangi hiyo ya midomo liliieneza habari ya ukuzaji wa seli katika Japani kuliko makala yoyote ya kitaalamu.

Mfano wa pili una uzito mwingine. Mwaka 1962 magome ya mti wa Taxus brevifolia, uotao polepole katika misitu ya magharibi ya Marekani, yalikusanywa ili yachunguzwe kama yana dawa ya saratani. Wall na Wani waliitenga dutu iliyomo, wakatangaza umbo lake mwaka 1971. Dawa hiyo, paklitakseli, iliidhinishwa katika Marekani mwishoni mwa mwaka 1992 kwa saratani ya ovari. Lakini kwa makadirio ya kawaida kilo 1 ya dawa ilihitaji magome yapatayo kilo 10,000, na mti uliochunwa gome hufa. Wagonjwa na msitu wakawa wanashindana. Kwanza ilipatikana njia ya kutumia sindano za mti mwingine wa jamii hiyo, uotao Ulaya, ambazo huota tena baada ya kukatwa, na kuimalizia dawa kwa kemia. Kisha seli za Taxus zikakuzwa matangini. Karibu na Hamburg, katika Ujerumani, kuna kiwanda chenye tangi la lita 75,000 kwa kazi hiyo. Mwaka 2004 kampuni ya Bristol-Myers Squibb ilipewa tuzo na serikali ya Marekani kwa kuitumia njia hii ya seli badala ya ile ya awali.

Msomaji akiishia hapo atadhani kwamba jambo lolote litokalo kwenye mmea laweza kutiwa tangini, na tafsiri nyingi za magazetini humwacha pale pale. Sivyo. Liko ua dogo, la waridi au jeupe, lipandwalo mbele ya nyumba nyingi za pwani yetu, ambalo asili yake ni Bukini. Wataalamu huliita Catharanthus roseus. Katika majani yake mna vinblastini, iliyotambuliwa na wataalamu wa Kanada mwaka 1958, na vinkristini, ambayo hutumika kuwatibu watoto wenye saratani ya damu. Kiasi kilichomo ni kidogo mno. Gramu 1 ya vinblastini huhitaji zaidi ya kilo 500 za majani makavu. Hakuna mmea uliostahili zaidi kuingizwa katika tangi, na hakuna uliojaribiwa kwa bidii zaidi. Hata hivyo madonge yake yamekataa. Vinblastini huundwa kwa kuunganisha dutu mbili, na moja kati yake hukamilishwa tu katika seli maalumu za jani lililokua, penye mwanga. Donge halina jani. Kwa hiyo halina mahali pa kuikamilishia. Mwaka 2022 kundi la wataalamu lilitangaza kwamba limezipata dutu hizo mbili kutoka katika hamira iliyobadilishwa jeni. Hilo ni jambo kubwa, ila si ukuzaji wa tishu za mmea, na mfasiri asilichanganye nalo.

Kwa sababu hiyo wengine huacha madonge, wakakuza mizizi mizima matangini, kama ifanywavyo kwa ginsengi katika Korea Kusini. Kuna hata mizizi maalumu ipatikanayo kwa kuambukiza kipande cha mmea bakteria fulani wa udongoni, nayo hukua upesi, myembamba na mingi, bila kuhitaji homoni. Jina lake katika lugha za kigeni lahusu nywele, na mwalimu atajaribiwa kuiita "nywele za mizizi". Asifanye hivyo, kwani nywele za mizizi ni vile vinyweleo vya kunyonya maji ambavyo mwanafunzi amekwisha kuvichora katika daftari lake. Twapendekeza "mizizi ya shungi".

Pareto nayo ina tabia iliyo karibu na ya ua lile la Bukini. Sehemu kubwa ya sumu yake hukusanyika katika vijitunda vidogo vilivyomo kichwani mwa ua, na donge lisilo na ua hutoa kidogo sana au halitoi kabisa. Majaribio yamefanywa kwa miongo kadha. Pareto ya asili iuzwayo sokoni ingali inachumwa kutoka mashambani. Lililompunguzia mkulima wa Kenya na Tanzania soko lake ni dawa zilizoigwa kwa kemia, na mashamba ya Tasmania, si chupa ya maabara.

Liko neno moja ambalo hatujaridhika nalo. Mimea yote hutengeneza sukari, protini na mafuta, ambavyo bila hivyo seli haiishi. Zaidi ya hivyo kila jamii ya mimea hutengeneza vitu vyake yenyewe: kwinini ya mkwinini, kafeini ya mbuni, mafuta makali ya karafuu, sumu ya pareto. Tangu mwaka 1891, alipoandika Kossel wa Ujerumani, vitu hivi vimeitwa vya pili, kwa kuwa si vya lazima kwa uhai wa seli. Lakini kwa Kiswahili cha biashara, cha pili ni hafifu, kama kahawa ya daraja la pili. Mkulima wa karafuu akiambiwa kwamba anauza "mazao ya pili" ya mti wake atauliza ya kwanza yako wapi. "Dutu za upili" lina faida ya kutosikika sokoni, ila katika Kenya linakumbusha shule. "Dutu za kinga" ni zuri, lakini si zote zinazoukinga mmea; nyingine huwaita nyuki. Kwa sasa twaandika "dutu mahsusi za mmea", nasi twawaomba walimu wa elimu ya viumbe watuandikie wanalotumia darasani.

Ule waraka tuliurudisha ukiwa na sentensi tatu mahali pa moja: "Maabara itakuza miche safi ya pareto kwa tishu, nayo mtagawiwa mwipande. Pareto yenu itaendelea kuchumwa shambani. Wako wataalamu wanaojaribu kuipata dawa ya pareto kwa kukuza seli zake matangini, lakini njia hiyo haijafika sokoni." Ofisi iliyotuletea iliikubali ya kwanza na ya pili, ikaomba ya tatu iondolewe kwa kuwa ingewatia watu wasiwasi. Tumeiacha palepale, tukaongeza chini yake nafasi ya mistari minne kwa maswali ya wakulima.